Akwariamu yenye mimea: mbele ya kununua samaki wapya, angalia maji kwanza

Samaki wamekufa mmoja mmoja, wamebaki wawili tu. Mimea ingali ya kijani, taa inawaka, chujio linazunguka. Mwenye akwariamu anatazama ule utupu na anataka kukimbia kwa muuzaji, arudi na samaki kumi wa rangi nzuri. Mara nyingi kosa linaanzia hapo. Wiki tatu zinapita, wale kumi nao wamekufa, na pesa imeenda.

Kurudisha samaki ndani ya akwariamu yenye mimea, ile ambamo aina mbalimbali zinaishi pamoja, si jambo la bahati. Kuna maswali manne ya kujibu: wale wa kwanza walikufa na nini, maji ya nyumbani ni ya namna gani, samaki atakuwa mkubwa kiasi gani, na ataishi na nani.

Wale wa kwanza walikufa na nini?

Watu wengi wanasema ni ugonjwa. Ugonjwa upo, lakini sababu mbili zinaua zaidi katika miji yetu: maji yenye sumu isiyoonekana, na umeme unaokatika.

Samaki anatoa amonia, zaidi kupitia mashavu yake anapopumua. Chakula kinachobaki na majani yanayooza vinaongeza amonia hiyo. Ndani ya chujio na mchanga kuna bakteria ambao wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi na mimea inaitumia kama mbolea. Ndani ya akwariamu mpya, bakteria hao wanahitaji karibu wiki 4 hadi 6 ili wawe wa kutosha. Samaki wengi wakiwa wamekufa, nao bakteria wanapungua, kwa sababu chakula chao kimepungua. Ukiingiza samaki kumi kwa siku moja, amonia inapanda mbele bakteria hawajaongezeka. Maji yanabaki meupe, yanapendeza kwa macho, na samaki wanakufa.

Delestaji inafanya kazi ile ile kwa njia nyingine. Maji yasipotembea ndani ya chujio kwa saa nyingi, bakteria wanakosa oksijeni na kuanza kufa. Tena usiku mimea haitoi oksijeni, inaitumia. Ndiyo maana umeme ukikatika jioni, samaki wanakutwa alfajiri wakiwa juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Mwenye kusema «mimea inaleta hewa» anasema kweli, lakini ni mchana, taa ikiwaka.

Dawa yake si ghali: pampu ndogo ya hewa ya batri, au kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga toka juu mara kwa mara. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, sifongo la chujio lisukutwe kwanza ndani ya beseni lenye maji ya akwariamu yenyewe. Lisioshwe na maji ya bomba, kwa sababu klorini inaua bakteria waliobaki.

Maji ya bomba yanachagua samaki

«Maji ni maji, samaki ataizoea tu.» Maneno hayo yanasikika sana, na yanaua samaki wengi. Kuna maji laini, yenye chokaa kidogo, na maji magumu, ambayo yanaacha ukoko mweupe ndani ya sufuria. Tena kuna pH: chini ya 7 maji yana asidi, juu ya 7 hayana.

Nchi ya Kongo ina dunia mbili za samaki, na zote mbili zinatafutwa na wafugaji wa akwariamu huko Ulaya na Marekani. Ya kwanza ni ya mto Kongo na mito ya msituni: maji laini, yenye rangi ya chai, pH karibu 6 hadi 7. Ya pili ni ya ziwa Tanganyika, toka Uvira hadi Kalemie na Moba: maji magumu, pH karibu 9. Samaki wa dunia hizo mbili hawafai kuchanganywa ndani ya kioo kimoja. Mmoja atakuwa mgonjwa kila siku.

Mkaaji wa Goma anapata maji ambayo mengi yanavutwa toka ziwa Kivu, na pH ya ziwa hilo upande wa juu iko karibu 9. Kwake yeye, samaki wa msituni watapata shida, na amonia kidogo tu inakuwa hatari, kwa sababu pH ikiwa juu amonia inazidi ukali. Ana njia mbili: kuchanganya maji hayo na maji safi ya mvua, ambayo ni laini, au kukubali maji yake na kuchagua samaki wa Tanganyika. Akwariamu ya Tanganyika inataka mawe mengi na mimea michache yenye nguvu, sawa Vallisneria, ambayo inaota ndani ya ziwa lenyewe.

Baridi nayo ni ya kuhesabiwa. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1500 juu ya bahari, na usiku maji yanashuka karibu digri 20. Samaki wa mto Kongo wanataka digri 23 hadi 27. Rezistansi ya kupasha maji inahitajika, na pahali ambapo umeme hautoshi, akwariamu kubwa ni afadhali kuliko ndogo, kwa sababu maji mengi hayapoi haraka. Mtu wa Kindu au Kisangani hana shida hiyo sana.

Samaki wa kwetu wanaofaa kwa mimea

Kwa mwenye maji laini na mimea mingi, wa kwanza ni Phenacogrammus interruptus, ambaye dunia nzima inamwita tetra wa Kongo. Dume anafikia karibu sentimita 8, mwili wake unang'aa rangi za upinde wa mvua, na mapezi yake ni marefu sawa pazia. Jike ni mdogo zaidi. Anaishi katikati ya maji, kwa kikundi. Akiwa peke yake au wawili, anaogopa, anajificha, na rangi inapotea. Wasipungue sita, na majike wawe wengi kuliko madume.

Wa pili ni Synodontis nigriventris, kambare mdogo wa bonde la Kongo anayeogelea tumbo likiwa juu. Viumbe wengi wa majini wana mgongo mweusi na tumbo jeupe. Huyu ana tumbo lenye giza zaidi, kwa sababu ndilo linaloonekana toka juu. Anafikia karibu sentimita 9, anakula wadudu juu ya maji, anatembea zaidi usiku, na anapenda kuwa na wenzake. Anahitaji vipande vya miti vya kujificha chini yake.

Wa tatu, kwa mwenye nafasi, ni jozi moja ya Nanochromis, samaki wadogo wa bonde hilo hilo. Wanakaa chini na kuchimba chini ya jiwe ili watage mayai. Jozi iwe moja tu, maana madume wanapigana.

Kwa mimea, Anubias na Bolbitis za Afrika zinavumilia mwanga mdogo. Shina lake linalotambaa lisifukiwe ndani ya mchanga, litaoza. Lifungwe na uzi kwenye jiwe au mti.

Wadogo wanapendeza, wakikua wanaharibu

Muuzaji au mvuvi anaweza kuleta mboto mdogo wa mistari, Distichodus sexfasciatus. Ni mwekundu, mwenye mistari meusi, mzuri sana. Lakini anakula mimea yote, na anakua kupita nusu mita. Tilapia naye anachimba mchanga na kung'oa mizizi. Pantodon, samaki wa juu mwenye mapezi sawa mabawa ya kipepeo, anafaa tu kama wenzake si wadogo wa kuingia mdomoni mwake, na kama kifuniko kimefungwa vizuri, kwa sababu anaruka.

Swali la kumuuliza muuzaji si «bei ngapi?» peke yake. Ni: atafikia ukubwa gani, anakula nini, ametoka maji gani? Kisha mnunuzi amwangalie samaki kwa dakika chache. Mapezi yawe wazi, tumbo lisiwe limeingia ndani, asiwe na vidoa vyeupe, asiwe anahema haraka. Kama ndani ya beseni lile kuna maiti ya samaki mwingine, aache.

Hesabu ya akwariamu moja

Tuseme akwariamu ina urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 50. Hiyo ni lita 200. Ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, yanabaki maji ya karibu lita 160. Kanuni ya wafugaji wengi ni sentimita 1 ya samaki mkubwa kwa lita 1 au 2. Pahali pa delestaji, hesabu ya lita 2 ndiyo yenye usalama: sentimita 80 za samaki. Tetra wa Kongo 6 ni kama sentimita 48, Synodontis 3 ni kama 27. Jumla 75. Imetosha. Mwenye pampu ya batri anaweza kuongeza jozi ya Nanochromis baadaye.

Wasiingie siku moja. Samaki wapya wakae kwanza wiki 2 au zaidi ndani ya chombo cha peke yao, ili ugonjwa uonekane. Kisha tetra watatu waingie, wiki mbili zipite, tetra wengine watatu, halafu Synodontis. Nanochromis wawe wa mwisho, kwa sababu samaki mwenye kulinda pahali pake akitangulia, anawafukuza wote. Kila mara mfuko wa samaki uelee dakika 20, kisha maji ya akwariamu yaongezwe ndani yake kidogo kidogo kwa karibu saa moja. Samaki atolewe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwagwe nje.

Asiyetakiwa asitupwe ziwani

Mboto amekuwa mkubwa, au gapi wamezaa kupita kiasi: wengine wanafikiri kuwapeleka mtoni au ziwani ni huruma. Jambo hilo linaweza kuumiza wavuvi wengi. Sangara aliingizwa ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na baadaye mamia ya aina za samaki wadogo wa ziwa hilo zilipotea. Gugu-maji linaloziba mito yetu lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kama ua la mapambo. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya tilapia, na karibu zote hazipatikani pahali pengine. Ugonjwa mmoja toka beseni la muuzaji unaweza kuwafikia.

Samaki asiyetakiwa arudishwe kwa muuzaji, apewe mfugaji mwingine, au shule yenye akwariamu. Mimea iliyokatwa ikaushwe juani, isitupwe kwenye mfereji. Na mwenye akwariamu ambaye leo ana samaki wawili tu, awalishe hao wawili kidogo kidogo, abadilishe robo ya maji kila wiki kwa maji yaliyokaa siku nzima ndani ya ndoo wazi, na asubiri. Wawili hao wakimaliza mwezi wakiwa wazima, basi maji yako tayari kupokea wageni.