Ukipenda Chongo Huita Kengeza: Mashabiki na Mchezaji Mwenye Kipawa na Hamaki

Utangulizi

Methali isemayo "Ukipenda chongo huita kengeza" inajulikana kwa kila msomaji wa jarida hili. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni onyo juu ya upofu wa mapenzi. Lakini tukiitazama kwa makini tutaona kwamba methali haisemi kuwa mpenzi haoni. Kitenzi kilichotumiwa ni "huita", wala si "huona". Mpenzi anaiona dosari waziwazi. Anachofanya ni kuichagulia jina. Kwa hiyo jambo linalozungumzwa hapa ni la lugha kabla halijawa la moyo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo ya kuita inavyofanyika miongoni mwa mashabiki wa kandanda wanapokuwa na mchezaji mwenye kipawa kikubwa na tabia ngumu. Si bure kwamba Kiswahili, pamoja na neno "shabiki", kinamwita mtu huyo "mpenzi wa mpira". Nimechagua mfano wa Eric Cantona, Mfaransa aliyecheza Uingereza kati ya mwaka 1992 na 1997, kwa sababu mbili. Kwanza, matendo yake yanajulikana hadharani na hayana ubishi. Pili, alihukumiwa na hadhira mbalimbali kwa makosa ya namna moja, na hukumu hizo hazikulingana.

Mashabiki hao, bila shaka, hawakusema Kiswahili. Sentensi nitakazozitoa ni zangu, nazo ni za kufafanulia hoja tu. Hata hivyo jambo lenyewe haliko mbali nasi. Ligi ya Uingereza inafuatwa na watu wengi nchini Kenya, na hukumu za aina hii hutolewa kwa Kiswahili kila mwisho wa juma.

Mtu mmoja, hadhira tatu

Cantona alizaliwa Marseille mwaka 1966, akaanza kandanda ya kulipwa katika klabu ya Auxerre mwaka 1983. Kipawa chake kilionekana mapema, na hamaki yake vilevile. Mwaka 1988 alimtukana kocha wa timu ya taifa, Henri Michel, mbele ya waandishi wa habari, akafungiwa kuichezea nchi yake kwa muda wa mwaka mmoja. Januari 1989, akiichezea Marseille, klabu ya mji wake wa kuzaliwa, aliupiga mpira kuelekea kwa watazamaji na kuitupa fulana yake katika mchezo wa kirafiki dhidi ya Torpedo Moscow. Desemba 1991, akiwa Nîmes, alimtupia mwamuzi mpira. Alipoitwa mbele ya kamati ya nidhamu aliwaendea wajumbe mmoja baada ya mwingine, akimwita kila mmoja mpumbavu. Adhabu yake ikaongezwa, naye akatangaza kwamba anaacha mchezo, ilhali umri wake ulikuwa miaka 25 tu. Huko Ufaransa, basi, jina lililomshika lilikuwa la mtu asiyewezekana.

Hadhira ya pili ilikuwa ya Leeds. Alifika huko mapema mwaka 1992, na baada ya miezi michache tu Leeds wakawa mabingwa wa Uingereza. Mashabiki walimwimba. Yale yaliyosemwa juu yake Ufaransa hawakuyapuuza. Waliyapokea kama sehemu ya mvuto wa mgeni huyo. Lakini Novemba 1992 aliuzwa kwa Manchester United, mahasimu wao wakubwa, kwa pauni milioni 1.2. Aliporudi katika uwanja wa Leeds Februari 1993 alipokewa kwa matusi, na siku hiyo alishtakiwa kwa kumtemea mate shabiki, akatozwa faini ya pauni 1,000.

Hadhira ya tatu ni ya Manchester. Klabu hii haikuwa imeutwaa ubingwa wa ligi tangu mwaka 1967. Aliposhiriki Cantona iliutwaa mwaka 1993, ikautwaa tena mwaka 1994 pamoja na Kombe la FA. Mashabiki wakampa cheo cha mfalme. Hamaki, hata hivyo, haikumwacha. Machi 1994 alitolewa uwanjani kwa kadi nyekundu mara mbili katika muda wa siku nne, dhidi ya Swindon na dhidi ya Arsenal. Kisha ikaja tarehe 25 Januari 1995, katika uwanja wa Selhurst Park, London. Alitolewa kwa kumpiga teke mchezaji wa Crystal Palace. Alipokuwa akitoka, shabiki mmoja wa timu pinzani aliteremka hadi kwenye kizuizi akamtukana, na Cantona akaruka kizuizi kwa miguu, akampiga teke la kifuani, kisha akamtupia ngumi.

Klabu yake yenyewe ilimtoza faini ya pauni 20,000 na kumsimamisha hadi mwisho wa msimu. Chama cha kandanda kiliurefusha muda huo hadi tarehe 30 Septemba 1995 na kuongeza faini ya pauni 10,000. Mahakama ilimhukumu kifungo cha wiki mbili; alipokata rufani, kifungo kikabadilishwa kuwa saa 120 za kuitumikia jamii, naye akazitumia kuwafundisha watoto kandanda. Shabiki aliyemtukana naye alishtakiwa na kutiwa hatiani. Katika muda huo wote mashabiki wa Manchester hawakuacha kumwimba.

Njia tatu za kulitaja kosa

Ni njia gani za lugha zinazomwezesha mpenzi kuliona kosa na bado akaendelea kuimba? Naona kuna tatu, na kila moja inakwenda mbali kuliko iliyoitangulia.

Njia ya kwanza ni kulipunguza jina, na ndiyo hasa inayotajwa na methali. Kiswahili kina ngazi ndefu ya maneno katika uwanja huu: ari, hamasa, ukali, hamaki, ghadhabu, jeuri, ukorofi, ufedhuli. Maneno haya hayatofautiani kwa kiwango cha joto tu. Yanatofautiana pia katika hukumu. "Ari" ni sifa. "Hamaki" ni udhaifu unaompata mtu. "Jeuri" ni kosa analolitenda mtu kwa kupenda. Mchezaji akimzomea mwamuzi, shabiki wake atasema ana ari, jirani yake asiye na upande atasema ana hamaki, na mpinzani atasema ana jeuri. Wote watatu wameuona mkono uleule ukiinuliwa.

Njia ya pili ni kulihamisha kosa. Hapa jina la tendo halibadilishwi; kinachobadilishwa ni mahali hadithi inapoanzia. Linganisha sentensi hizi mbili: "Alimpiga shabiki teke" na "Alitukanwa akapiga teke." Katika ya pili, kiambishi -ka- kinaeleza kwamba tendo moja limefuata jingine. Sarufi haisemi kwamba la kwanza limelisababisha la pili, lakini msikilizaji hulijaza hilo mwenyewe, na kauli ya kutendwa iliyotangulia imekwisha kumfanya mpigaji kuwa mtendwa. Mtetezi hasemi uongo. Cantona alitukanwa kweli, na matusi yenyewe yaligusa ugeni wake. Lakini kila hadithi ina mlango, na anayechagua mlango amechagua nusu ya hukumu. Tukiuanzisha mlolongo huo nyuma kidogo tutasema: "Alimpiga mpinzani teke akatolewa, akatukanwa akapiga." Sentensi ni ileile kwa muundo, ila sasa utetezi umepungua nguvu.

Njia ya tatu ni nzito kuliko zote. Katika njia hii shabiki halipunguzi kosa wala halihamishi, bali analiunganisha na kipawa. Husema: "Asingalikuwa na hamaki, asingalikuwa mchezaji huyu." Hapo hatuiti tena chongo kengeza, tunadai kwamba chongo ndicho kinachomwezesha mtu kuona. Dosari imekuwa chemchemi ya sifa, na anayetaka kuiondoa anaonekana kuwa adui wa kipawa chenyewe.

Njia hii hupendwa kwa sababu ina sura ya hekima. Pia ni vigumu kuipinga, na sababu yake imo katika sarufi. Masharti ya -ngali- huzungumzia jambo ambalo halikutokea. Hakuna awezaye kutuletea Cantona mwingine asiye na hamaki ili tupime kama angeweza kutoa pasi zilezile. Madai ya namna hii hujilinda yenyewe.

Hata hivyo, katika mfano wetu upo ushahidi unaokaribia kipimo. Cantona alirudi uwanjani tarehe 1 Oktoba 1995 dhidi ya Liverpool, akafunga bao la penalti katika mchezo uliokwisha kwa sare ya 2-2. Msimu huo alicheza kwa utulivu uliowashangaza waliomjua. Machi 1996 alifunga bao la pekee Newcastle, dhidi ya timu iliyokuwa ikiongoza ligi. Tarehe 11 Mei 1996, akiwa nahodha katika fainali ya Kombe la FA, alifunga bao la pekee dhidi ya Liverpool dakika chache kabla ya mwisho. Manchester ikatwaa ubingwa na kombe, na waandishi wa kandanda wakamchagua kuwa mchezaji bora wa mwaka. Hamaki ilikuwa imefungwa breki, na kipawa hakikupungua. Mashabiki waliosherehekea msimu ule walikuwa wakisherehekea kukanushwa kwa nadharia yao wenyewe.

Je, ni faida tu?

Huenda msomaji akauliza: je, haya yote si hesabu ya faida tu? Mchezaji akifunga mabao husamehewa, asipofunga hulaumiwa. Jibu hili lina ukweli, lakini halitoshi. Msimu wa 1994/95, ambao Cantona alikosa miezi yake ya mwisho, Manchester iliukosa ubingwa kwa pointi moja nyuma ya Blackburn, ikafungwa na Everton 1-0 katika fainali ya kombe. Hamaki yake yawezekana kabisa iliwagharimu mashabiki kile walichokitaka kuliko chochote. Kama ni hesabu, hapo ndipo walipopaswa kudai deni lao. Hawakudai.

Mfano wa pili unatilia nguvu jambo hili. Katika fainali ya Kombe la Dunia, Berlin, tarehe 9 Julai 2006, Zinedine Zidane alimpiga kichwa cha kifuani mchezaji wa Italia, Marco Materazzi, akatolewa, na Ufaransa ikashindwa kwa penalti. Siku iliyofuata timu ilipokewa Paris na umati mkubwa uliolitaja jina lake kwa shangwe, na Rais Jacques Chirac akamsifu hadharani.

Neno linaloamua, kwa maoni yangu, si "faida" bali ni "wetu". Linganisha Leeds na Manchester. Mtu alikuwa mmoja na tabia ilikuwa moja. Yale yaliyokuwa mvuto Leeds mwezi wa Oktoba 1992 yaligeuka kuwa ushahidi wa ubaya wake mara alipoondoka. Cantona hakubadilika, kilichobadilika ni kimilikishi. Tunaweza hata kusema kwamba mashabiki wako tayari kuisamehe hasira kuliko kuondoka. Cantona alipostaafu Mei 1997, akikaribia miaka 31, hakwenda kuichezea klabu nyingine, na "wetu" wa Manchester ukabaki bila doa. Mwaka 2009 mwongozaji Ken Loach alitoa filamu ya Looking for Eric, ambamo mpeleka barua wa Manchester aliyeelemewa na maisha anatokewa na Cantona na kupewa nasaha. Mtu ambaye kamati ya nidhamu ilimshindwa sasa anawafundisha wengine namna ya kuishi!

Hitimisho

Tumeona kwamba mapenzi ya shabiki si upofu, bali ni kazi ya lugha: kulipunguza jina, kuuchagua mlango wa hadithi, na kuifanya dosari kuwa mzizi wa kipawa. Tumeona pia kwamba kazi hiyo yote inasimama juu ya kimilikishi kimoja kifupi.

Linabaki swali la hasara. Methali yetu kwa kawaida hufasiriwa kwa kumfikiria mpenda tu. Lakini yuko pia mwenye jicho. Yule ambaye chongo chake kinaitwa kengeza hapelekwi kwa tabibu. Vijana wengi wenye vipawa huambiwa, tangu wakiwa katika timu za shule, kwamba hasira yao ndiyo nguvu yao. Na waamuzi na wachezaji wenzao hubeba gharama ya usemi huo. Kwa Cantona mambo yalikuwa tofauti kwa sababu walikuwapo waliompenda pasipo kulibadilisha jina. Klabu ilimwadhibu, na haikumtupa. Alipotaka kuondoka Uingereza mnamo Agosti 1995, meneja wake, Alex Ferguson, alisafiri hadi Paris kumshawishi abaki. Adhabu na safari ile havikupingana.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna sababu ya kulizingatia jambo hili nje ya viwanja vya michezo pia. Viongozi, washairi na hata walimu wenye vipawa hutajwa kwa njia hizohizo tatu, na wanafunzi wetu huzisikia kila siku. Wakifundishwa kuuliza hadithi imeanzia wapi, na kimilikishi kimesimama upande gani, wataweza kupenda na bado wakakiita chongo kwa jina lake.