MOTO WA KIWANDA NI FEDHA YA MKULIMA

Jinsi viwanda vya chai vinavyoweza kupunguza kuni, stima na moshi

Kila mkulima wa chai anajua kuitunza mbolea yake. Huiweka mahali pakavu, huipima, na huitia shambani wakati ufaao, kwa kuwa ameinunua kwa fedha. Lakini ni wakulima wachache wanaofikiri juu ya kuni zinazochomwa katika kiwanda chao, ingawa kuni hizo nazo zimenunuliwa kwa fedha zao.

Kiwanda cha chai cha wakulima wadogo ni mali ya wakulima wenyewe. Ndivyo ilivyo kwa wenzetu walio katika skimu kama zile za Borabu na Sotik. Chai ikiisha kuuzwa, gharama za kiwanda hutolewa kwanza: kuni, stima, dizeli, mishahara na matengenezo. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kuwa bonasi. Kwa hivyo moshi mzito unaotoka katika bomba la kiwanda si ishara ya kazi nyingi, kama wengine wanavyodhani. Ni ishara kwamba kuni haziungui vizuri, na sehemu ya bonasi inapaa mbinguni.

KAZI YA KIWANDA NI KUONDOA MAJI

Ili kufahamu jambo hili, yafaa kwanza kujua kiwanda kinafanya nini. Jani bichi la chai lina maji mengi sana, zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Chai iliyo tayari kutiwa katika mifuko ina maji kiasi cha sehemu 3 tu katika kila 100. Ndiyo sababu huhitajika kama kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo 1 ya chai. Kilo tatu na nusu zilizopotea ni maji, na maji hayo lazima yafukuzwe.

Maji hayo hufukuzwa mara mbili. Mara ya kwanza ni wakati wa kunyausha. Majani hutandazwa juu ya matandiko ya wavu, na feni kubwa hupuliza hewa kutoka chini kwa saa nyingi. Kisha majani husagwa, huachwa yageuke rangi, na ndipo huingizwa katika mashine ya kukaushia, ambamo hewa ya moto humaliza kazi. Joto la hewa hiyo hutoka kwa mvuke wa boila, na boila hula kuni.

Hesabu ni hii. Majani yakinyaushwa vizuri mpaka yakabaki na sehemu 68 za maji katika kila 100, mashine ya kukaushia itaondoa kama kilo 2 za maji kwa kila kilo ya chai. Yakinyaushwa vibaya yakabaki na sehemu 72, mashine hiyo itaondoa karibu kilo mbili na nusu. Tofauti ya sehemu 4 yaonekana ndogo, lakini inaongeza kazi ya kukausha kwa zaidi ya moja ya tano, na kuni nazo huongezeka vivyo hivyo.

KUNI MBICHI HUPIKA MAJI YAKE ZENYEWE

Hasara kubwa iliyo rahisi kuiondoa ni ile ya kuni mbichi. Mti uliokatwa leo, nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia motoni hivyo hivyo, moto hauanzi na kazi ya kiwanda. Huanza kwa kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni, na mvuke wa maji hayo hutoka nje na moshi bila kumfaidia mtu yeyote. Ukipiga hesabu ya joto utaona kwamba karibu gogo 1 katika kila 8 huteketea kwa kazi hiyo tu. Tena, moto wa kuni mbichi ni baridi, hautoi nguvu yake yote, na masizi yake huganda katika mabomba ya boila na kuzuia joto lisiingie katika maji.

Dawa yake haihitaji mtambo wa kigeni. Magogo hupasuliwa, hupangwa juu ya vipande vya mbao yasiguse ardhi, huwekwa chini ya paa la bati pasipo kuta ili upepo upite, na huachwa miezi kadhaa. Kuni zilizoingia kwanza ndizo zitoke kwanza. Kuni zilizokaushwa vizuri hubaki na kama sehemu 20 za maji katika kila 100, na kilo 1 ya kuni hizo hutoa joto karibu mara mbili ya kilo 1 ya kuni mbichi. Kiwanda chenye banda kubwa la kuni kimeweka akiba ya fedha. Kiwanda kinachopokea kuni asubuhi na kuzichoma jioni kinachoma fedha.

BOILA NA MABOMBA YAKE

Kuni zikiwa kavu, bado joto laweza kupotea njiani. Haya ndiyo mambo ambayo fundi mwangalifu huyatazama.

Kwanza, hewa ya moto. Hewa ikiwa haba, kuni haziungui zote na moshi huwa mweusi. Hewa ikizidi, huchukua joto na kutoka nalo nje. Mlango wa tanuri usiachwe wazi ovyo.

Pili, mabomba ya mvuke. Bomba lisilovikwa kifuniko cha kuzuia joto hupasha moto ukuta na paa, wala si chai. Na pale mvuke unapovuja kwa sauti, usiku na mchana, kuni zinavuja hapo.

Tatu, maji yanayorudi. Mvuke ukiisha kutoa joto lake hugeuka kuwa maji ya moto. Viwanda vingine huyamwaga mtaroni na kujaza boila kwa maji baridi ya mtoni. Huo ni upotevu. Imethibitishwa na mafundi kwamba kila digrii 6 unazoongeza katika maji yanayoingia katika boila huokoa kama sehemu 1 katika kila 100 za kuni. Maji yakirudishwa yakiwa na digrii 80 badala ya 20, kuokoa sehemu 10 si ndoto.

FENI ISIYOPUMZIKA

Upande wa stima, feni za kunyaushia ni miongoni mwa walaji wakubwa, kwa sababu hufanya kazi saa nyingi. Katika viwanda vya zamani mota huzunguka kwa nguvu zote wakati wote, na hewa ikizidi hupunguzwa kwa kufunga kizuizi. Hiyo ni sawa na mtu anayechapa ng'ombe wa plau huku mwenzake amewashika pembe.

Siku hizi kuna kifaa cha kuongoza mwendo wa mota. Majani yakiwa na maji mengi, feni huenda kasi. Yakianza kunyauka, feni hupunguzwa. Faida yake ni kubwa kuliko mtu anavyofikiri, kwa kuwa feni ikipunguzwa mwendo kutoka sehemu 100 mpaka 80, stima inayotumika hushuka mpaka karibu nusu.

Tuseme kiwanda kinatengeneza kilo 3,000,000 za chai kwa mwaka. Kikiokoa sehemu moja ya kumi tu ya yuniti ya stima kwa kila kilo, kimeokoa yuniti 300,000. Tukichukulia shilingi 20 kwa yuniti, hizo ni shilingi 6,000,000. Haba na haba hujaza kibaba.

STIMA YA MITO NA YA JUA

Viko viwanda vilivyokwenda mbele zaidi. Huko Meru, kiwanda cha Imenti kilijenga mtambo mdogo unaoendeshwa na maji ya mto, wenye nguvu ya karibu megawati 1, na stima ya ziada kikaiuza katika nyaya za taifa. Katika Nyeri, viwanda kadhaa vya wakulima wadogo viliungana kujenga mtambo mkubwa zaidi katika mto Gura. Na mwaka 2014, kampuni ya Williamson iliweka paneli za jua za karibu megawati 1 katika shamba lake la chai la Changoi, upande wa Kericho.

Faida moja ya mitambo hiyo haionekani upesi. Stima ya taifa ikikatika katikati ya kazi, majani yaliyokwisha sagwa hayawezi kungoja, yataharibika. Basi kiwanda huwasha jenereta ya dizeli, na dizeli ni ghali. Mwenye stima yake karibu huchoma dizeli kidogo zaidi.

MOSHI NA MVUA YETU

Mtu aweza kuuliza: hayo ni mambo ya fedha, yahusu nini hali ya hewa? Yahusu sana. Kila kinachoungua hutoa hewa ya kaboni, ambayo haionekani kwa macho. Lita 1 ya dizeli hutoa kama kilo 2.7 za hewa hiyo. Hewa ya kaboni huzuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi. Wataalamu walipoanza kuipima kwa mfululizo mwaka 1958 juu ya mlima Mauna Loa, huko Hawaii, ilikuwa kama sehemu 315 katika kila sehemu 1,000,000 za hewa. Leo imepita 420. Mkulima wa chai hana haja ya kuambiwa madhara yake, kwa maana chai hutaka ubaridi na mvua isiyokatika, naye ameona miaka ambayo majira hayatii kalenda.

Stima ya Kenya, kwa sehemu kubwa, hutoka katika mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mito na upepo, nayo haina moshi mwingi. Kwa hivyo hesabu ya kaboni ya kiwanda cha chai iko hasa katika kuni na dizeli. Kuni zina sheria yake. Mti unapokua huvuta hewa ya kaboni, unapochomwa huirudisha. Ukipandwa mwingine mahali pake, deni hulipwa. Usipopandwa, deni linabaki, na msitu unaoleta mvua unapungua. Basi kiwanda kinachotumia kuni chache na kupanda miti yake chenyewe kimefanya mambo mawili kwa pamoja: kimelinda bonasi na kimelinda mvua.

KAZI YA MKULIMA MWENYEWE

Mambo haya si ya mafundi peke yao. Yako manne ambayo mkulima wa skimu aweza kuyafanya.

1. Chuma majani mawili na chipukizi. Jani gumu lililozeeka hutumia kuni na stima sawa na jani zuri, lakini chai yake huuzwa kwa bei ya chini.

2. Usipeleke maji kituoni. Majani yaliyonyeshewa yakung'utwe, yachukuliwe katika vikapu vinavyopitisha hewa, na kamwe yasinyunyiziwe maji ili yaongeze uzito. Mwenye kufanya hivyo anauzia kiwanda chake mwenyewe maji, kisha analipia kuni za kuyakausha.

3. Panda miti ya kuni pembeni mwa shamba au kwenye mteremko usiofaa kwa mazao. Mikaratusi hukua upesi na huchipuka tena kutoka kisiki. Lakini isipandwe karibu na mto, chemchemi au bwawa, maana hunywa maji mengi. Mwulize Bwana Shamba au mtu wa misitu mti unaofaa mahali pako. Na utakapouza kuni, uza zilizopasuliwa na kukauka, ukitaka kiwanda kikulipe bei ya kuni kavu.

4. Uliza hesabu. Mali bila daftari huisha bila habari. Wakurugenzi wa kiwanda huchaguliwa na wakulima, basi katika mkutano wa mwaka mkulima ana haki ya kusimama na kuuliza maswali matatu: Mwaka huu tulichoma kuni kiasi gani kwa kila kilo 1,000 za chai? Tulitumia yuniti ngapi za stima kwa kila kilo? Jenereta ilikunywa lita ngapi za dizeli? Kisha alinganishe na mwaka uliopita, na na kiwanda cha jirani.

Kanuni za Serikali za mwaka 2012 juu ya matumizi ya nishati ziliagiza kwamba viwanda vinavyotumia nishati nyingi vikaguliwe na wataalamu angalau mara 1 katika kila miaka 3, na kwamba mapendekezo ya wakaguzi yatekelezwe, yasifungiwe kabatini. Mkulima aulize pia ripoti ya mwisho ilisema nini, na kipi kimekwisha kufanywa.

Banda la kuni, kifuniko cha bomba, pampu ya kurudisha maji ya moto: hivyo si vitu vya kujivunia mbele ya wageni, wala hakuna atakayevipiga picha. Lakini faida yake huingia kila siku boila inapowashwa. Bei ya chai huamuliwa mnadani Mombasa, na mkulima hana uwezo juu yake. Kuni zinazochomwa katika kiwanda chake, hizo anao uwezo juu yake, mradi aulize.