Injini ya pikapu kuukuu ikianza kugonga, dereva afanyeje?

PIKAPU kuukuu ni tegemeo la wengi katika mji wa Madogo, Kaunti ya Tana River. Hubeba mbuzi kuvuka daraja hadi Garissa, na hubeba bidhaa za dukani kuelekea Bura, Hola na hata Garsen, safari ya zaidi ya kilomita 200.

Ndiyo maana mlio wa ko-ko-ko kutoka chini ya boneti humtia mwenye gari hofu. Katika barabara yenye joto kali na gereji chache, injini ikifa njiani mzigo huharibika na mifugo huteseka kwa kiu.

Wapo madereva wanaoendelea na safari wakitumaini mlio utanyamaza. Wengine humruhusu fundi afungue injini nzima siku hiyo hiyo. Njia zote mbili zaweza kuwa ghali, kwa kuwa mlio huo ni dalili tu, na magonjwa yanayouleta ni mengi. Baadhi hutibika kwa kukaza bolti. Mengine huua injini kwa dakika chache.

Oili kwanza

Hatua ya kwanza ni kuegesha gari mahali tambarare, kuzima injini, kungoja dakika chache, kisha kupima oili kwa kijiti chake. Oili ikiwa imepungua, vyuma husagana bila kilainisho. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa nyepesi na inanuka dizeli au petroli, mafuta yanavujia ndani yake na kuizimua.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka huku injini ikigonga, gari lisiendeshwe tena hata kilomita moja. Kulipia gari la kulivuta ni nafuu kuliko kununua injini nyingine.

Mlio husikika lini?

Jambo la pili ni wakati wa mlio. Ukisikika asubuhi injini ikiwa baridi, kisha ukatoweka injini ipatapo moto, kwa kawaida ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda kwa uchakavu. Gari kama hilo laweza kufanya kazi kwa muda mrefu mradi oili isipungue.

Mlio mwepesi wa tiki-tiki kutoka sehemu ya juu mara nyingi ni wa valvu zinazohitaji kurekebishwa. Mlio mzito kutoka chini, unaozidi gari linapovuta mzigo, huashiria beringi kuu za kranki.

Mlio mkavu unaoongezeka kadiri injini inavyokanyagwa, na unaozidi oili ikipata moto na kuwa nyepesi, aghalabu hutoka kwenye beringi za konrodi, yaani vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki. Hapo ndipo mafundi husema kuwa injini "imenoki".

Petroli na dizeli

Katika injini ya petroli, upo mlio mwingine unaofanana na changarawe ndani ya mkebe, hasa gari linapopanda mwinuko. Huu hutokea sehemu ya petroli na hewa inapolipuka yenyewe kabla moto wa plagi kuifikia. Husababishwa na injini kupata joto kupita kiasi, radieta iliyoziba, masizi ndani ya silinda, distribyuta iliyotegwa kuwasha moto mapema mno, au petroli duni.

Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli, hupunguza uwezo wake wa kustahimili mgandamizo bila kulipuka. Ulaghai wa kuchanganya mafuta ulikithiri kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya Kenya ilianzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakatisha tamaa walaghai. Mwenye shaka ajaze petroli ya kituo anachokiamini. Mlio ukiisha, chanzo kimejulikana bila spana kuguswa.

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, hivyo kugonga kidogo ni kawaida yake. Mlio ukizidi ghafla, huenda nozeli inadondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza, au pampu imefungwa nje ya majira yake.

Kutafuta silinda yenye kasoro

Fundi stadi huendelea kwa kuzima silinda moja baada ya nyingine injini ikiwa inanguruma. Katika petroli huchomoa waya wa plagi kwa koleo lenye mpini usiopitisha umeme. Katika dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida, hulegeza nati ya bomba la nozeli huku akiifunika kwa kitambaa na kuweka mikono mbali. Mlio ukipungua au kubadilika, kasoro iko katika silinda hiyo.

Kipimo hicho kisifanywe kamwe kwenye dizeli za kisasa zinazoendeshwa kwa kompyuta. Mafuta yake hupita kwa shinikizo kubwa mno na yanaweza kupenya ngozi na kumdhuru mtu vibaya.

Kabla ya kutoa hukumu, fundi akague pia vitu vinavyoiga mlio wa injini: puli iliyolegea, raba za kushikilia injini zilizokatika, na gasketi ya ekzosi inayovuja.

Mafuriko nayo

Wakazi wa Madogo wana sababu nyingine ya kuchunguza. Mwezi Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko yalifunika barabara kati ya mji huo na Garissa na kukatiza usafiri. Gari likipita katika maji mengi, injini huweza kuyavuta kupitia njia ya hewa. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni inapoyakuta, konrodi hupinda. Gari huenda likawaka tena baadaye, lakini likiwa na mlio usiokuwepo awali.

Kabla ya kufungua injini

Ushahidi wa mwisho umo ndani ya oili. Imwagwe katika beseni safi na kuangaliwa juani. Vipande vinavyong'aa visivyoshikwa na sumaku huelekea kuwa vya beringi. Vinavyoshikwa ni vya chuma, pengine vya kranki yenyewe.

Beringi zikithibitishwa kuwa zimelika, kuzibadilisha pekee hakutoshi. Kranki ipimwe, na ikiwa imechimbika ichongwe na kuwekewa beringi za saizi inayolingana. Pampu ya oili na chujio lake zikaguliwe pia, la sivyo mlio utarudi baada ya muda mfupi.

Anayenunua pikapu iliyotumika naye ajihadhari. Wapo wauzaji wanaotia oili nzito ili kunyamazisha mlio. Afike asubuhi na mapema kabla injini haijawashwa, aisikilize ikiwa baridi, kisha aiendeshe hadi ipate moto na kuisikiliza tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika injini, ufa huanza kwa sauti.