Bima Isisubiri Kisukari

Ukipita barabara ya Bagamoyo–Msata, Kiwangwa utaijua kwa mananasi yaliyopangwa mafungu kando ya lami. Ni kata ya wakulima, na huku unene umezoeleka kuhesabiwa ugonjwa wa watu wa mjini. Tena mama akinawiri husifiwa kuwa anatunzwa.

Takwimu za kitaifa zinatisha. Mwaka 2004/05, wanawake 18 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Kufikia 2015/16 wakawa 28, na 10 kati yao tayari walikuwa na kiribatumbo, yaani unene uliokithiri.

Kipimo chake ni rahisi: kilo zako zigawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa sentimita 160 mwenye kilo 80 anapata 31, na kiribatumbo huanzia 30. Mizani ipo kliniki ya wajawazito na watoto. Baba wa miaka 45 hupandishwa lini?

Mara nyingi ni presha ikishapanda au sukari ikishagundulika. Hapo ndipo bima nayo huanza kulipa: vidonge, insulini, na mguu ukioza, kukatwa. Kusubiri hivyo ni kumuumiza mgonjwa na kuumaliza mfuko wenyewe.

Tiba ipo nchini. Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa Muhimbili, madaktari huweka puto tumboni kwa kupitia mdomoni ili mtu ashibe upesi, na hufanya upasuaji wa kupunguza tumbo. Lakini CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii), kadi ya Sh30,000 kwa kaya ya watu sita iliyoenea vijijini, iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa Mloganzila, mkulima wa nanasi alibaki na mfuko wake.

Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza semaglutide, sindano inayopunguza hamu ya kula, katika orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili ambao pia wana maradhi ya moyo au figo pamoja na unene. Bei yake bado ni kubwa mno kwa mifuko yetu, na hakuna haja ya kuanzia huko.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Kitita chake kitaje kiribatumbo kwa jina, kilipie kwanza kupimwa kwa kila mtu mzima zahanati na ushauri wa afisa lishe wa miezi kadhaa, kisha rufaa ya Mloganzila kwa aliyeshindwa kupungua huku afya yake ikizorota.