Asilimia 99 na kihamba cha mjane: Matokeo ya Novemba 27 yana maana gani kwa Mwika?

Na Mwandishi Wetu

MATOKEO ya uchaguzi wa Serikali za Mitaa uliofanyika Jumatano ya Novemba 27, 2024 yamekwishatangazwa. Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais – TAMISEMI wakati huo, Mohamed Mchengerwa, alieleza kuwa kati ya vijiji 12,271 vilivyofanya uchaguzi, Chama Cha Mapinduzi kimeshinda vijiji 12,150, sawa na asilimia 99.01. Chadema imepata vijiji 97, ACT Wazalendo 11 na CUF 10. Katika vitongoji, sehemu ya CCM ni asilimia 98.26. Watu waliojiandikisha walizidi milioni 31, na kwa mujibu wa Serikali, zaidi ya wanane katika kila kumi walikwenda kupiga kura.

Tangu siku hiyo mazungumzo hayajakoma. Wenye kushangilia wanasema wananchi wameonyesha imani yao. Vyama vya upinzani vinasema wagombea wao wengi walienguliwa kabla ya siku ya kura, na kwamba uchaguzi wa aina hii ulipaswa kusimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, badala ya TAMISEMI. Huo ni mjadala mzito, unaogusa haki ya raia, na hauna budi kuendelea mpaka upate jawabu.

Lakini, ndugu msomaji, wakati mjadala huo ukiendelea, mwenyekiti wa kijiji amekwishaketi kwenye kiti chake. Barua zitapelekwa kwake, mhuri utatumika, na kesi za mipaka zitamfikia yeye na wenzake. Kwa mkazi wa Mwika, swali lililo karibu zaidi kuliko asilimia za taifa ni hili: watu hawa waliochaguliwa wana mamlaka gani juu ya nyumba yangu, na mimi nina mamlaka gani juu yao?

Vunjo haikuzoea jibu moja

Mwika, yenye kata mbili za Mwika Kaskazini na Mwika Kusini, imo katika jimbo la Vunjo, chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Watu wa upande huu wa mlima wana historia ndefu ya kupima viongozi kwa kura. Mwaka 1960, kabla hata ya Uhuru, Wachagga walipiga kura kuamua kama wabaki na Mangi Mkuu au wawe na Rais wa kuchaguliwa. Thomas Marealle, aliyekuwa Mangi Mkuu tangu miaka ya mwanzo ya 1950, aliondoka kwa uamuzi huo, na Solomon Eliufoo akashika uongozi wa Baraza la Wachagga.

Tabia hiyo haikupotea vyama vingi viliporejea. Mwaka 2010 Vunjo ilimpa ubunge Augustine Mrema wa TLP. Mwaka 2015 ikamwacha Mrema na kumchukua James Mbatia wa NCCR-Mageuzi. Mwaka 2020 ikaenda kwa Dk. Charles Kimei wa CCM. Vyama vitatu katika chaguzi tatu! Mjini Moshi nako, Baraza la Madiwani lilikuwa mikononi mwa Chadema baada ya chaguzi za 2010 na 2015, kisha likarudi CCM mwaka 2020.

Katika nchi yenye maeneo kama haya, asilimia 99 haiwezi kueleza yote yaliyomo vifuani mwa watu. Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa mwaka 2019 nao uliipa CCM karibu kila kijiji, baada ya vyama vikubwa vya upinzani kujitoa. Hivyo kijana aliyetimiza miaka 18 baada ya mwaka 2014 hajapata kuona uchaguzi wa kijiji ambao mwisho wake haukukaribia asilimia mia. Hatari iliyopo ni kijana huyo kuamini kwamba mambo ya kijiji yana wenyewe, na kwamba yeye hayamhusu.

Kata moja ya Manchester

Hebu tutazame mbali kidogo ili tuone vizuri karibu. Mei 2, 2024 palikuwa na uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya katika sehemu nyingi za Uingereza. Katika jiji la Manchester, chama cha Labour kilibaki na baraza lake bila taabu. Hata hivyo, katika kata moja ya Longsight, yenye Waislamu wengi, Naibu Kiongozi wa Baraza la Jiji, Luthfur Rahman wa Labour, aliangushwa na Shahbaz Sarwar wa Workers Party. Hasira za wapiga kura juu ya msimamo wa Labour kuhusu vita vya Gaza zilitajwa sana kuwa miongoni mwa sababu.

Ukiangalia jumla ya jiji, unaona chama kilekile kikitawala. Ukiangalia kata, unaona ujumbe mkali uliomfikia mtu mkubwa. Funzo kwetu ni kwamba jumla huficha mengi. Mkazi wa Mwika asitosheke na hesabu ya taifa zima. Aulize ya kitongoji chake: mshindi alipata kura ngapi, walioandikishwa ni wangapi, na wangapi walibaki nyumbani. Hapo ndipo atakapojua kiongozi wake amesimama juu ya msingi wa namna gani.

Meza ya halmashauri ya kijiji

Sheria inayounda vyombo hivi ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, iliyotungwa miaka kumi baada ya serikali za mitaa kufutwa mwaka 1972. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25: mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote, na wajumbe wengine, wakiwamo wanawake wasiopungua robo. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa. Yeye hachaguliwi kwa kura.

Wengi humkumbuka mwenyekiti pale tu wanapohitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, kufungua akaunti ya benki au kumdhamini ndugu polisi. Lakini kazi kubwa ya halmashauri ya kijiji, hasa katika mlima wenye watu wengi na ardhi kidogo, ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, mfano wa mdhamini anayeshika mali ya wengine. Haina ruhusa ya kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Aidha, ni halmashauri hiyo inayopendekeza majina ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, watatu miongoni mwao wakiwa wanawake, na mkutano mkuu ndio unaoyathibitisha.

Kihamba, mjane na binti

Desemba imewadia, na kila mtu wa Kilimanjaro anajua maana yake. Magari yatapanda kutoka Himo kupitia Marangu, watoto walioko Dar es Salaam, Arusha na Mombasa watarudi nyumbani, na vikao vya ukoo vitaketi. Katika vikao hivyo kihamba, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, ndilo huleta machozi. Kwa mila, kihamba hufuata watoto wa kiume. Binti huambiwa ana kwao kwa mumewe, na mjane huambiwa yupo kwa ajili ya kuwatunzia wanawe.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kufikia ardhi. Kwa familia za Kiislamu, mgawo nao umekwishapangwa: mjane mwenye watoto ana thumuni yake, na binti ana fungu lake hata kama ameolewa mbali. Hakuna kikao cha ukoo chenye ruhusa ya kulifuta fungu hilo kwa kisingizio cha mila.

Chukulia mjane wa Mwika ambaye shemeji zake wamehamisha mpaka wakati yeye yuko eda. Akilalamika, atakwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha Baraza la Ardhi la Kijiji. Asiporidhika atafika Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu bali husuluhisha. Na usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ngazi mbili za mwanzo zinashikwa na watu ambao nafasi zao zinatokana na uchaguzi wa Novemba 27. Kama mwenyekiti ni rafiki wa shemeji, na kama wale wanawake watatu wa baraza wamewekwa kujaza idadi tu, mjane yule atakuwa ameshindwa kabla hajafungua kinywa.

Ndiyo maana familia inayogawa kihamba mwezi huu ifanye hivyo kwa maandishi. Waandike majina ya warithi wote, wake kwa waume, wataje mipaka, waweke mashahidi, na nakala ifike ofisi ya kijiji. Penye uwezekano, kila mrithi aombe hatimiliki ya kimila kwa jina lake mwenyewe. Karatasi iliyoandikwa wakati ndugu wanapendana huokoa undugu siku watakapokosana.

Mikopo isiyo na riba

Jambo la pili linalogusa nyumba zetu liko ngazi ya wilaya. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, jambo ambalo kwa akina mama wa Kiislamu wanaouza ndizi na nguo sokoni Mwika lina uzito wa pekee. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na ilirejeshwa katika mwaka wa fedha wa 2024/25. Taarifa za mikopo hii hupita katika ofisi za kata na vijiji. Kikundi kisicho na mtu wa kukisemea huko husikia habari zake dirisha likiwa limefungwa.

Mwenye neno la mwisho

Tumalizie na jambo ambalo wengi hawalijui. Chini ya sheria hiyohiyo ya mwaka 1982, mwenyekiti si mkubwa wa kijiji. Mkubwa ni mkutano mkuu wa kijiji, na mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, awe na kadi ya chama au asiwe nayo, awe alimpigia mshindi kura au alimkataa. Mkutano huo hutakiwa kuitwa kila baada ya miezi mitatu. Una haki ya kusomewa mapato na matumizi, na una mamlaka ya kumwondoa mjumbe yeyote wa halmashauri ya kijiji, au wote kwa pamoja.

Ikiwa mkutano wa kwanza wa viongozi wapya utaitwa na wakafika watu ishirini, basi ishirini hao ndio watakaothibitisha Baraza la Ardhi kwa niaba ya maelfu. Wakifika mia tano, wanawake kwa wanaume, na kila mmoja akauliza swali moja kuhusu mfereji wa maji, barabara ya kitongoji au fedha za soko, mwenyekiti atajua anaongoza watu walio macho.

Basi tuhesabu miezi mitatu kuanzia Novemba 27. Ifikapo mwisho wa Februari, kila kijiji cha Mwika kinapaswa kuwa kimekutana. Kama tangazo halijabandikwa, nendeni ofisini mkaulize kwa adabu, na kwa maandishi. Baba aende na mama, na binti aliyemaliza shule aende nao. Kura ya Novemba imekwishahesabiwa na hatuwezi kuihesabu upya. Mahudhurio ya Februari bado yako mikononi mwetu.