Haiba na Tabia katika Uhuishaji

Tangu kipindi cha Ubongo Kids kianze kurushwa nchini mwaka 2014, katuni za Kiswahili zimekuwa nyenzo ya kufundishia. Mwalimu wa Bukoba au Muleba akiuliza, "Mhusika huyu ana tabia gani?" kabla mhusika hajatenda lolote, amekosea istilahi.

Uhuishaji, kutokana na kitenzi huisha, ni kukipa kitu mfano wa uhai. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel walionyesha filamu ya pembetatu mbili na duara dogo vikisogea tu. Watazamaji wengi walisimulia habari za mchokozi na wanaoonewa. Maumbo hayo hayakuwa na uso wala sauti, mwendo ulitosha. Mhusika wa kidijitali huongezewa sura: macho makubwa, mabega mapana.

Taswira inayojengwa hivyo akilini mwa mtazamaji ndiyo tunayopendekeza iitwe haiba. Katika mazungumzo neno hili husifu. Kama istilahi, lisisifu wala lisilaumu. Tabia hudhihirishwa na matendo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama: upole ni haiba yake, kuwinda ni tabia yake. Tukizichanganya, tutawazoeza watoto kuwahukumu watu kwa sura na mwendo.