Baba na Watoto Wakikosa Pa Kulala

Nyumba ya mkulima imeungua usiku. Mke wake alikwisha kufariki. Baba amebaki na watoto watatu na nguo walizovaa. Ni mwezi wa Julai, na baridi ya Mufindi ni kali. Je, watalala wapi?

Mambo ya namna hii hutokea. Mwezi wa Aprili, 2024, tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetele, Mbeya. Lilifukia nyumba za watu huko Itezi. Familia nyingi zilikosa makazi kwa siku moja.

Mara nyingi bibi au shangazi huwachukua watoto. Hiyo ni desturi njema. Lakini ndugu wengine wako mbali, na wengine nyumba zao ni ndogo. Hapo watoto hugawanywa, mmoja huku, mwingine kule. Baba huenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya chai. Akichelewa kurudi, mtoto mdogo hamjui tena.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Mtoto ilitungwa mwaka 2009. Inasema kuwa mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18, na kwamba ana haki ya kuishi na wazazi wake. Baba ni mzazi, kama mama alivyo mzazi. Sheria hiyo inaipa halmashauri wajibu wa kulinda watoto wa eneo lake. Mwananchi akiona haki ya mtoto inavunjwa, anatakiwa kutoa taarifa.

Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya malezi ya watoto. Miongozo hiyo inasema kwamba umaskini peke yake si sababu ya kumtenga mtoto na mzazi wake. Mzazi asaidiwe kwanza.

Serikali hupatana na wengine

Serikali haijengi kila kitu yenyewe. Tazama Tosamaganga, Iringa. Hospitali ile ni ya Kanisa Katoliki. Serikali ilipatana na kanisa, ikawa Hospitali Teule. Wagonjwa wa dini zote hutibiwa humo.

Yako pia makao ya watoto. Vyama na mashirika ya dini huyaendesha kwa leseni ya serikali. Tena wako walezi wa kuaminika. Hizi ni familia zilizochaguliwa na Ustawi wa Jamii ili kumpokea mtoto kwa muda. Huduma hizi ni za mtoto tu. Baba hapati kitanda humo.

Huko Canberra, mji mkuu wa Australia, serikali imewahi kukilipa chama ili kiwape akina baba na watoto wao makazi ya dharura. Baba na watoto hukaa pamoja mpaka wapate pao. Kumbe jambo hili linawezekana.

Lakini fedha ya serikali ni fedha ya wananchi. Kwa hiyo mapatano ya namna hii lazima yaandikwe wazi. Nani atapokelewa? Atakaa siku ngapi? Nani atalipa, na lini? Nani atakagua usalama wa watoto? Fedha ikichelewa, watoto watakula nini? Mapatano yasiyojibu maswali haya huleta ugomvi, na watoto ndio huumia.

Ufanye nini ukipatwa?

Nenda upesi kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Mwombe akupeleke kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Mtoto akiwa hatarini, piga simu namba 116. Simu hiyo haina malipo.

Watoto wakipelekwa mahali kwa muda, andika majina yao, mahali walipo na tarehe. Uliza utawatembelea lini, na watarudi lini. Ukipewa karatasi, isome yote kabla ya kutia sahihi. Usipoielewa, omba usomewe mbele ya shahidi. Wewe sasa unajua kusoma. Usikubali kuweka dole gumba kwenye jambo usilolijua.

Kijiji nacho kina uwezo. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kutenga chumba kimoja chenye mlango imara, mikeka na mablanketi. Familia iliyopatwa na msiba italala humo pamoja wakati msaada mwingine unatafutwa. Peleka jambo hili kwenye mkutano ujao. Msingoje nyumba ya mtu iungue kwanza.